MAHAME YA MTO TANA: NYUMBA ZIMEOZA, MAJINA YAMEBAKI

Ndugu msomaji, ukitoka hapa Garsen ukashika njia ya Ngao, au ukifuata kingo za mto kuelekea Golbanti, utaiona miembe mikubwa imesimama porini mbali na nyumba yoyote. Mgeni atapita akidhani imejiotea. Hata sisi wenyeji, wengi wetu tunapita tu, na tukikuta embe limeanguka tunaokota na kula njiani. Lakini hebu tazama vizuri. Miembe ile imepangika, huu hapa, ule pale, na katikati pana uwazi. Ule uwazi ndipo palipokuwa na nyumba. Mahali hapo panaitwa hame.

Katika makala haya nitajaribu kueleza maana ya neno hilo na ndugu zake, sababu zilizowafanya watu wa Tana kuhama, dalili za kukutambulisha hame, na namna sisi wanachama wa Chama cha Kiswahili tunavyoweza kukusanya habari za watu waliokaa huko. Hoja yangu ni moja tu: hame si mahali patupu. Pana watu, ila hawaonekani kwa macho, na habari zao ziko vinywani mwa wazee. Ukimuuliza mzee mmoja peke yake, utapata nusu ya habari, na nusu ya habari huku kwetu ni jambo la hatari.

1. MAANA YA MANENO

Asiyejua maana haambiwi maana, kwa hivyo tuanze na msamiati.

Hame (wingi mahame): mahali palipokuwa na makao ya watu, kisha wakapahama. Aghalabu neno hili hutumika katika wingi: "Kijiji kimekuwa mahame."

Ganjo na tongo: maneno haya yana maana iliyo karibu sana na hame, yaani kiwanja au mji ulioachwa.

Gofu (wingi magofu): hili ni jengo lenyewe lililobaki kuta, paa limekwenda.

Tofauti ni hii: gofu ni jengo, hame ni mahali. Kule Ungwana, karibu na Kipini, utapata vyote viwili, kwa maana mji ule ulijengwa kwa mawe. Lakini katika vijiji vyetu vya udongo, fito na nyasi, utapata hame bila gofu. Mvua za misimu michache zinatosha kuirudisha nyumba ardhini.

Sasa tutazame kitenzi "hama". Kutoka kwake tunapata hamia, hamisha, hamishwa na hamahama. Mtu huhama mahali anapotoka, akahamia mahali anapokwenda. Kutoka vitenzi hivi tunapata majina ya watu, na hapa ndipo wanafunzi wengi huchanganya mambo:

Mhamaji ni mtu ambaye desturi yake ni kuhamahama.
Mhamiaji ni mtu aliyekuja kukaa mahali kutoka kwingine.
Mhamishwa ni mtu aliyeondolewa kwake na wengine au na msiba, bila kupenda.

Usidhani hili ni jambo la mtihani tu. Mfugaji akiitwa mhamaji, watu hufikiri hana kwao. Kumbe anayehamahama na ng'ombe ana njia zake, visima vyake na malka zake anazozirudia kila kiangazi. (Malka ni neno la Kiorma, maana yake ni mahali pa kuteremshia mifugo mtoni kunywa maji.) Na mkulima aliyehama kwa sababu ya mafuriko, akiitwa mhamiaji kule alikofikia, huambiwa hana haki, na ilhali yeye ni mhamishwa. Neno moja likikosewa, ugomvi umeanza.

2. KWA NINI WATU WALIHAMA?

(a) Mto wenyewe. Tana ndio mto mrefu kuliko yote nchini Kenya, yapata kilomita 1,000, kutoka Nyandarua na Mlima Kenya hadi Bahari Hindi. Ukifika huku bondeni unapoteza kasi, unajipinda kama nyoka na kuacha matope mengi. Matope yakijaa, mto hukata njia mpya na kuiacha ile ya zamani. Watu nao wana mkono wao: katika karne ya 19 ulichimbwa mfereji wa Belazoni kuunganisha Tana na mto Ozi. Maji hufuata mkondo, basi mto ukaingia humo na kutokea baharini pale Kipini. Waliokuwa wakiutegemea mkondo wa zamani walibaki wakitazama mchanga.

Msifikiri mambo haya yalikwisha zamani. Mwaka 1989 mto ulihama kule Hola, na skimu ya umwagiliaji iliyokuwapo tangu miaka ya 1950 ikakosa maji, mashamba yakakauka. Kama mto unaweza kuiacha serikali na pampu zake, sembuse kijiji cha nyumba ishirini?

(b) Mafuriko. Wazee huhesabu umri kwa mafuriko. Yapo ya 1961, ambayo wengi wanasema hawajaona mfano wake. Yapo ya El Nino ya 1997 na 1998, ambayo yaliharibu hata mradi mkubwa wa mpunga wa Delta ya Tana uliojengwa kwa mkopo wa Japani. Yapo ya 2018, na yale yaliyoanza mwishoni mwa 2023 yakarudi tena 2024. Kila maji makubwa yakija, watu hupanda penye mwinuko. Wengine hurudi maji yakipungua, wengine husema basi, imetosha.

Hapa nieleze jambo moja. Mafuriko ya kiasi si adui. Mpokomo hulima mpunga, ndizi na mahindi kwa sababu maji yamepita na kuacha rutuba, na Muorma hupata nyasi za kiangazi kwa sababu hiyo hiyo. Tangu mabwawa ya umeme yajengwe huko juu, kuanzia Kindaruma mwaka 1968 hadi Masinga mwaka 1981 na Kiambere mwaka 1988, mto haufuati tena saa yake ya zamani. Mwaka mwingine maji hayafiki mashambani, mwaka mwingine yanakuja yote kwa pamoja.

(c) Vita na uvamizi. Mwaka 1886 mmisionari John Houghton na mkewe waliuawa pale Golbanti katika uvamizi wa Wamaasai, pamoja na wenyeji wa hapo. Baadaye, wakati wa vita vya Shifta kutoka 1963 hadi 1967, watu wengi wa kandokando ya mto waliviacha vijiji vidogo wakajikusanya katika vikubwa. Mwaka 2001 wakulima na wafugaji walipigana. Kisha kuanzia Agosti 2012 hadi Januari 2013 yakatokea mauaji ambayo kila mtu hapa anayajua. Nitarudi kwa jambo hilo.

(d) Mipango ya wakubwa. Skimu ya Bura ilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1970, watu wakaletwa kutoka pembe nyingi za Kenya kulima pamba. Ilipoanguka, wengi walifunga virago. Vilevile hifadhi ya mbega wekundu na nyani wa mto Tana iliyoundwa mwaka 1976 iliwafanya baadhi ya wakulima wa msituni, miaka mingi baadaye, wahamishiwe upande wa Kipini. Kwa hivyo yako mahame ya maji, ya damu, na ya kalamu.

3. DALILI ZA HAME

Utajuaje kwamba umesimama katika hame? Zipo dalili tano.

Kwanza ni miti ya kupandwa, hasa miembe. Mwembe huishi kuliko aliyeupanda na kuliko nyumba yake mara tatu au nne. Kwa Wapokomo mti una mwenyewe hata kama ardhi imehamwa, na hurithiwa kama mali nyingine.

Pili ni mawe matatu. Huku bondeni udongo ni wa mto, mawe ni haba. Ukiona mawe matatu yamekaribiana, jua yalibebwa na mtu. Ni mafiga, na hapo palikuwa jikoni.

Tatu ni vigae vya vyungu, vipande vya kinu na makasha ya kobe au kombe zilizorundikana.

Nne ni makaburi. Hapa nakuomba uwe na adabu, usikanyage wala kuokota kitu.

Tano, na hii wengi hawaijui, ni nyasi. Nyumba ya Kiorma ya zamani hutengenezwa na akina mama kwa fito zilizokunjwa, ikafunikwa kwa mikeka na nyasi. Wakihama hubeba mikeka na fito zao. Hawaachi ukuta, hawaachi mwembe. Lakini zizi la ng'ombe huacha samadi, na kwa miaka mingi baadaye nyasi za hapo huwa nzito na za kijani kuliko za jirani. Ukiona duara la nyasi nzuri katikati ya nyasi duni, simama. Hapo pamelala ng'ombe wa mtu.

4. WALIOKAA HUKO: MASIMULIZI YA BIBI

Ili nisiseme maneno matupu, nilikwenda hame moja la upande wa Ngao pamoja na bibi mmoja aliyezaliwa pale. Waliondoka maji ya 1961, yeye akiwa msichana wa miaka kumi na mmoja hivi.

Nilimwamkia, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekuja na daftari? Haya, andika, mimi sina shule, ila nina kichwa."

Nikamuuliza ni nani aliyekaa pale. Nilitarajia ataje nyumba, lakini yeye alianza kuhesabu miti.

"Ule ulioinama ni wa fundi wa mitumbwi. Alichonga chini yake kwa sababu ya kivuli. Maji yalipokuja usiku, mtumbwi aliokuwa akiuchonga ulikuwa haujaisha, upande mmoja bado una magome. Akautia majini hivyo hivyo. Siku tatu alibeba watu, wazee na watoto kwanza, kisha mbuzi, kisha vyungu. Watu wote tulifika. Nyumba yake yeye ndiyo ilikwenda na maji, na shoka lake."

"Huu mnene ni wa mkunga. Hakupata mtoto wa tumbo lake. Basi akasema, embe za mti wangu mtoto yeyote aokote bila kuomba, maana wote nimewapokea kwa mikono yangu. Mpaka leo hakuna anayedai mti huo."

"Na ule pale, bibi?"

"Ule usiguse."

"Una sumu?"

"Sumu ya nini! Wenyewe hawajamaliza kugawana. Ndugu wawili, tangu babu yao afe. Kijiji kimekwisha, nyumba hakuna, lakini kesi ya mwembe bado iko."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akanyosha mkono upande wa mto, mahali ambapo hapakuwa na mti wowote.

"Na pale palikuwa na jamaa wa Kiorma. Walikuja kila kiangazi. Mama yao alimpa mama yangu maziwa, mama yangu akampa ndizi. Hatukuwa tukihesabu. Mimi na binti yao tulichota maji pamoja."

"Sasa mti wao ni upi, bibi?"

"Hawakupanda mti. Tazama majani."

Nikatazama. Kweli, nyasi za pale zilikuwa duara na nzito. Hiyo dalili ya tano niliyoandika hapo juu sikuisoma kitabuni, nilifundishwa na bibi huyo.

5. HAME MOJA, MASIMULIZI MAWILI

Siku nyingine, katika mnada wa ng'ombe hapa Garsen, nilimpata mzee wa Kiorma aliyezijua njia za upande ule. Nilipomtajia jina la kijiji kwa Kipokomo hakulitambua. Nilipomweleza miembe na kona ya mto, akasema, "Ahaa, hiyo ni malka yetu," akaitaja kwa jina la Kiorma. Jina tofauti, mahali ni pale pale.

Mzee huyo hakukumbuka mkunga wala kesi ya mwembe. Alikumbuka mchonga mitumbwi. "Tulimwachia ndama wasioweza kutembea. Tukirudi, tunawakuta. Hakupoteza hata mmoja." Alikumbuka pia mwembe ulioinama, kwa sababu wavulana wachungaji walikuwa wakiupanda kutazama mamba kabla ya kuteremsha mifugo. Kisha akanyamaza kidogo, akaniambia kwamba mdogo wake, mtoto wa miaka mitatu, alikufa kwa homa na kuzikwa karibu na hapo. Kaburi halina alama.

Nilipomrudia bibi na habari hiyo, alishika kifua. Alikuwa hajui. Amepita hapo mara ngapi akienda kuokota embe! Akaniuliza upande gani, ili aepuke kukanyaga.

Ndugu msomaji, fikiria jambo hili. Bibi ana miti, mzee ana malka na kaburi. Ningemsikiliza bibi peke yake ningeandika, "Hiki kilikuwa kijiji cha Wapokomo." Ningemsikiliza mzee peke yake ningeandika, "Hii ilikuwa malka ya Waorma." Maneno yote mawili ni ya kweli, na kila moja likisimama peke yake linaweza kutumiwa kumfukuza mwenzake.

Ndivyo ilivyotokea. Kuanzia Agosti 2012, majina ya Reketa, Chamwanamuma, Kilelengwani na Kipao yalisikika redioni nchi nzima kwa sababu ya mauaji. Zaidi ya watu 100 waliuawa, wakiwemo akina mama na watoto, wa pande zote mbili. Askari pia waliuawa. Nyumba zilichomwa, na maelfu ya watu wakahama. Ugomvi ulikuwa juu ya mashamba, malisho na njia za kufikia maji, na siasa ikamwaga mafuta juu ya moto. Wengine walirudi baadaye, lakini viko viwanja ambavyo havikurudiwa, na leo magugu yameota. Hayo nayo ni mahame, ila ni ya juzi, na waliokaa huko wangali hai. Ni wazazi na jamaa wa wanafunzi tunaokalia nao dawati moja.

Mwenye kovu usidhani kapoa. Kwa sababu hiyo, mtu akisema "hapa hapakuwa na mtu", au "hawa walikuja juzi tu", si neno dogo. Anawafuta watu. Anamfuta mchonga mitumbwi na ndama aliowatunza, anafuta kaburi la mtoto. Mimi naona kwamba kazi ya kwanza ya mwanafunzi wa Kiswahili wa Tana ni kulikataa neno hilo kwa ushahidi, bila matusi. Kwa bahati, lugha tunayo: bibi na mzee hawajui lugha ya mwenzake sawasawa, lakini wote wawili walinisimulia kwa Kiswahili.

6. MAHAME YA MAWE NA MAHAME YA UDONGO

Avumaye baharini papa, kumbe wengine wapo. Wataalamu wanapozungumzia mahame ya pwani yetu hutaja ya mawe. Ungwana ilichimbuliwa na James Kirkman, akaiandikia kitabu kilichotoka mwaka 1966. Ina misikiti na makaburi, na watu wake waliihama karibu miaka 400 iliyopita. Upande huo huo wa Kipini na Ozi ndiko masimulizi yanakomweka shujaa Fumo Liongo tunayemsoma darasani. Ni vizuri mahali hapo pajulikane. Lakini kijiji cha bibi hakina mawe, hakitachimbuliwa na mtu, na akifariki yeye hakuna atakayejua mwembe upi ni wa mkunga.

Nchi nyingine zimelipata tatizo hili. Huko Ayalandi, njaa kubwa ya mwaka 1845 hadi 1852, ugonjwa ulipoharibu viazi, iliua watu wapatao milioni moja, na wengine kama hao wakavuka bahari. Katika kisiwa cha Achill, chini ya mlima Slievemore, kuna kijiji cha nyumba za mawe zinazokaribia mia moja, hazina mapaa na hakuna anayekaa. Nyumba zipo, majina ya wengi hayapo. Kinyume chake ni kisiwa kidogo cha Great Blasket. Watu wake wa mwisho walihamishwa mwaka 1953, lakini kabla ya hapo walikuwa wamesimulia na kuandika maisha yao kwa lugha yao wenyewe. Mmoja wao, mvuvi aitwaye Tomás Ó Criomhthain, kitabu chake kilitoka mwaka 1929 na kinasomwa hadi leo. Mvuvi, bwana, si profesa! Kwa hivyo majirani zake wanajulikana kuliko wenye nyumba za mawe za Achill. Kilichowahifadhi si mawe, ni kuandika.

7. JINSI YA KUKUSANYA MASIMULIZI

Kwa mwanachama anayetaka kufanya kazi hii wakati wa likizo, fuata hatua hizi:

(i) Omba ruhusa. Usiende hame la watu bila mwenyeji, na usiende jioni. Mamba na viboko hawajui kwamba wewe ni mtafiti.

(ii) Usianze na swali la "ardhi hii ni ya nani?" Mzee atafunga mdomo au atawaka. Anza na "nani alikaa hapa pamoja nanyi?" Swali hilo hufungua moyo.

(iii) Uliza kwa miti na kwa kona za mto, usiulize kwa miaka. Kisha tafuta mwaka kwa matukio. Kwa mfano, mzee akisema, "Tulihama nikiwa nimeota meno ya pili, bendera ya mkoloni ikiwa bado juu," unajua ni kabla ya Desemba 1963. Akiongeza kwamba maji makubwa yalikuwa bado, unajua ni kabla ya mwisho wa 1961. Mambo mawili yakikutana, mwaka unajitokeza wenyewe.

(iv) Andika majina ya mahali kama yanavyotamkwa, kwa Kipokomo na kwa Kiorma. Usichague moja. Ukimpata Mmunyoyaya, Mwata, Mgiriama, au mvuvi wa Kibajuni aliyepita hapo, muulize pia.

(v) Tafuta msimulizi wa pili kutoka jamii nyingine. Hii ni kanuni. Hame lenye msimulizi mmoja liandikwe "halijakamilika".

(vi) Kwa mahame ya 2012 na 2013, usiulize nani alichoma. Hiyo ni kazi ya wakubwa na mahakama. Wewe uliza nani aliishi, alilima nini, alifuga nini, alicheza na nani. Na mtu akitaka kunyamaza, mwache anyamaze.

(vii) Rudi ukamsomee ulichoandika. Nilipomsomea bibi, alinisahihisha mara mbili, na akaongeza habari ya kinu ambacho wanawake watatu walitwangia kwa zamu.

HITIMISHO

Kwa kumalizia, tumeona kwamba hame ni tofauti na gofu, kwamba watu wa Tana wamehama kwa sababu ya mto, mafuriko, vita na mipango, na kwamba dalili za makao ya mkulima na za mfugaji zinaweza kupatikana mahali pamoja. Tumeona pia kwamba kumbukumbu ya upande mmoja ni kweli nusu. Waliokumbuka maji ya 1961 wakiwa watoto sasa wana zaidi ya miaka sabini. Hatuna muda mrefu. Vijiji vyenyewe hatuwezi kuvirudisha, lakini tunaweza kuhakikisha kwamba mtu akisimama pale hatasema hapakuwa na mtu.

ZOEZI

1. Eleza tofauti kati ya maneno haya ukitumia sentensi: (a) hame na gofu (b) mhamaji na mhamiaji (c) mhamiaji na mhamishwa.

2. Nyambua kitenzi "hama" katika kauli ya kutendea, kutendesha na kutendeshwa, kisha tunga kisa kifupi kwa kuvitumia vyote.

3. "Tulihama mwaka ambao mpunga wa mradi ulizama wote." Msimulizi huyu alihama karibu mwaka gani? Toa sababu.

4. Umekuta mahali penye miembe minne, mawe matatu na duara la nyasi nzito. Andika aya moja kueleza ni akina nani huenda walikaa hapo, na utamuuliza nani kwanza na nani pili.

5. Taja hame moja lililo karibu na kwenu. Andika majina yake yote, katika lugha zote unazoweza kuzipata. Majibu ya swali hili yaletwe kwa katibu wa chama. Yatabandikwa ukutani darasani, jina kando ya jina, bila kufuta hata moja.